Adui Yangu Aliniita Kutoka Kisimani

Admin, nakuomba ufiche jina langu na la kijiji. Mimi ni mama wa miaka sitini na tatu, mjane, naishi upande wa Zombe. Kanisani mimi ndiye kiongozi wa akina mama. Kuna jambo nimelibeba tangu miaka ya themanini. Hata marehemu mume wangu hakulijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, sijaolewa. Ukame ulikuwa mbaya sana. Jirani yetu, nitamwita Mutisya, alipoteza ng'ombe wake wote, halafu mtoto wake mchanga, akaanza kusema mama yangu ndiye anamroga. Mama, mtu wa kwaya! Vijana walikuja mchana peupe wakamtoa jikoni wakampiga. Mutisya alisimama pale akiwaambia, "Mpaka akubali." Mama aliishi siku tatu. Hakuna mtu aliyeshtakiwa.

Kwenye mazishi pastor alihubiri kwamba Yesu alituambia tuwapende adui zetu na tuwaombee. Sikuweza. Nikafungua Biblia ya mama, nikakuta Zaburi ambayo Daudi anaomba watoto wa adui yake wawe yatima na mke wake awe mjane. Nilishangaa. Kumbe hata haya yako humu humu! Nikawa naisoma kila asubuhi, miezi na miezi, nikitaja jina la Mutisya.

Siku moja, kama saa nne asubuhi, niliteremka mtoni na punda. Mto ulikuwa umekauka, na watu walikuwa wakichimba visima kwenye mchanga, vingine virefu kuliko mtu. Nikasikia sauti. Kisima cha Mutisya kilikuwa kimeporomoka, mchanga umemfunika hadi kifuani. Alikuwa peke yake. Akaniona, akanitambua.

"Mwanangu, ita watu. Nakuomba, ita watu."

Nilijiambia Mungu ameyasikia maombi yangu, mimi ni nani nimzuie? Nikaenda kwenye kisima chetu, si mbali na pale, nikachota maji nikajaza mitungi yangu yote minne, nikaifunga kwa punda, huku nikimsikia. Mwishowe aliacha kuomba watu. Alisema, "Mama yako hakuwa mchawi. Nilijua." Kisha mchanga ukashuka tena, kukawa kimya.

Hapo ndipo nikapiga mayowe. Watu wakaja mbio wakachimba kwa majembe na mikono, lakini alikuwa amekwisha.

Baada ya wiki chache nilimwuliza pastor, mbona Biblia inasema tuwapende adui na tena inawalaani? Akaniambia, "Daudi alikuwa analia kwa Mungu. Alimwachia Mungu hayo maneno. Hakutumwa aende akayatende." Akaniangalia. "Kwani kuna mtu umemtendea?"

Nikasema hapana.

Mke wa Mutisya aliambiwa mimi ndiye niliyeita watu. Alikuja kwetu na watoto watano, akapiga magoti, akanishukuru. Mwaka huo huo akaokoka. Tangu hapo ananiita dada. Watoto wangu walipougua alilala nao hospitali, na mume wangu alipokufa alikaa nami mwezi mzima.

Sasa ana kansa, na daktari amesema siku zake si nyingi. Wiki iliyopita alinishika mkono akasema, "Dada, sisi ndio tulikuulia mama, na bado ulijaribu kumwokoa mume wangu. Ndipo nikajua Mungu yuko. Nikifa, simama mbele ya watoto wangu uwaeleze hiyo siku, wajifunze kusamehe."

Niliitikia kwa kichwa.

Nikimwambia ukweli, nitamvunja akiwa kitandani, labda na imani yake pia. Nikinyamaza, nitasimama kando ya jeneza lake nidanganye watoto niliowafanya yatima. Ndugu zangu, msiniambie niombe tu. Nimeomba miaka arobaini. Niambieni, nimwambie akiwa bado hai, au nimwache aende na amani yake? Nifanye nini?