Beki Bubu wa Carshaw

Jaffar Merali alifika London Februari 1968, katika zile wiki ambazo Wahindi wa Kenya walikuwa wakigombea viti vya ndege kabla serikali ya Uingereza haijafunga mlango. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, ana paspoti ya Kiingereza mfukoni, na pembeni yake mama yake Sherbanu, mjane, aliyevaa sweta tatu chini ya koti na bado anatetemeka. Hawakuwa watu wa Kenya hasa. Walikuwa Makhoja wa Unguja, waliohamia Mombasa kwa mjomba baada ya mapinduzi wakidhani ni kwa muda tu. Nyumbani walizungumza Kikachi, lugha ya wazee wao wa Bara Hindi, ila Sherbanu akikasirika aligeukia Kiswahili. Alisema Kikachi hakina maneno makali ya kutosha.

Walipata vyumba viwili mtaa wa Tooting, juu ya duka la vitambaa. Jaffar aliajiriwa uwanja wa ndege, upande wa mizigo, na huko wafanyakazi walikuwa na timu yao ya Jumapili. Mpira ameucheza tangu chandimu za utotoni Unguja, na Mombasa alifika hadi ligi, beki wa kushoto. Hakuwa mrefu wala hakuwa na mabavu. Alichokuwa nacho ni subira. Winga akimjia, hakuangalia mpira wala miguu, aliangalia kiuno, akangoja. Mara nyingi alikuwa ameshauchukua mpira na kuondoka nao, winga bado anachezesha mabega.

Jumapili moja, kwenye viwanja vya Hounslow, mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufu alimsimamisha baada ya mechi. Huyo alikuwa Lomax, kocha wa Carshaw, klabu ndogo ya wachezaji wa kulipwa, ya madaraja ya chini.

"Unaitwa nani?"

"Jaffar."

"Mpira umejifunza wapi?"

"Zanzibar. Halafu Mombasa."

Lomax hakujua ni wapi, wala hakujisumbua kuuliza. "Njoo mazoezini Jumanne. Njoo na viatu vyako."

Alifanyiwa majaribio mwezi mzima, kisha akapewa mkataba. Sherbanu alipoambiwa alikaa kitako.

"Nimekuleta mpaka huku uje ucheze mpira? Wenzako wote wanasomea uhasibu."

"Wananilipa, mama."

"Hata nyani wa maonyesho analipwa."

Hakwenda uwanjani kumwangalia, si mwaka ule wala uliofuata.

Wiki ya kwanza Carshaw, katika mazoezi, Jaffar alimpigia kelele golikipa amwachie mpira. Alisema kwa Kiingereza, kwa lafudhi aliyotoka nayo kwao. Wenzake walicheka, wakaigiza sauti yake kwenye basi njia nzima ya kurudi. Hawakuwa na ubaya sana, walikuwa wakitania tu kama wanavyotaniana wote, lakini Jaffar alifunga mdomo wake uwanjani tangu siku hiyo. Aliashiria kwa mkono au hakuashiria kabisa. Wakamwita Bubu. Mashabiki wa timu ngeni walimwita majina mengine, na hayo nayo aliyajibu kwa kunyamaza. Alicheza misimu miwili namna hiyo, na alicheza vizuri. Lomax alikuwa akimwandika wa kwanza kwenye karatasi ya timu.

Siku ya Idd, nyumbani kwa rafiki yake Vuai, Mpemba aliyekuwa kondakta wa basi, Jaffar alikutana na Suad. Alikuwa binti wa Kiarabu wa Unguja, kwao walitawanyika kama walivyotawanyika kina Merali, naye alikuwa akisomea uuguzi. Alimuuliza Jaffar anafanya kazi gani, na alipojibiwa akacheka, akidhani anatiwa mchezoni. Jumamosi iliyofuata alikwenda Carshaw na Vuai kuhakikisha. Baada ya hapo wakawa wanaonana, ila Sherbanu hakuambiwa, kwa sababu alikuwa na orodha kichwani ya mabinti wa jamati yao, jumuiya ya Makhoja, na Suad hakuwa wa jamati.

Msimu wa vuli wa 1971 Jaffar alianza kuwashwa miguu bila kipele chochote. Akawa anaamka shuka zimelowa jasho. Jezi ikamlegea mabegani. Juu ya mfupa wa bega, upande wa kushoto wa shingo, palitokea kivimbe kigumu kisichouma. Akaanza kuvaa shati la kola hata ndani ya nyumba. Uwanjani winga waliokuwa hawampiti walianza kumpita, na mechi moja ya Novemba, wakati wa mapumziko, alitapika chooni na kurudi kucheza kipindi cha pili kana kwamba hakuna kitu.

Jioni ile Suad alimgusa shingo.

"Hili lipo tangu lini?"

"Lipi?"

"Jaffar, usinichezee."

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na hukusema?"

"Nikisema watasema Mhindi mwili wake mbovu, hawezi baridi, hawezi kazi. Pale niko peke yangu, Suad. Hapana mwengine."

"Na ukifa watasema nini?"

 Kesho yake Jaffar alikwenda kwa daktari.

Walimkata kile kivimbe wakakipima. Ilikuwa saratani ya tezi za limfu. Daktari, mtu mpole aliyesema polepole, alieleza kwamba miaka michache nyuma angekuwa na machache ya kumwambia, lakini sasa kuna tiba, na wengi wanapona. Kwanza watampasua tumbo wamtoe bandama, waone kama ugonjwa umeshuka. Kisha mionzi, ya shingo na kifua.

"Nitacheza tena?" Jaffar aliuliza.

"Tuanze na kupona," daktari akasema.

Sherbanu alikuwa na maelezo yake. "Ni vile vichwa. Mtu mzima anaupiga mpira mgumu kwa kichwa kila siku, shingo isivimbe?" Daktari alimwambia hapana, havihusiani. Sherbanu akaitikia kwa adabu asiamini hata neno.

Kila alipokwenda hospitali alimkuta muuguzi mmoja kijana, mwenye sare, pembeni ya kitanda, anayezungumza Kiswahili cha kwao hasa. Muuguzi huyo alimtafsiria maneno ya madaktari, alimwonyesha mahali pa kupasha supu, akamweleza kwa nini mwanawe hawezi kumeza. Sherbanu akampenda. Alimsifu kwa majirani wa Tooting: wodi nzima ya Waingereza, na Mungu amewaletea mtoto wa Unguja. Jaffar hakumsahihisha, hakuwa na nguvu za kumsahihisha. Jumapili moja Sherbanu alimletea muuguzi wake kababu, akamuuliza zamu yake inaisha saa ngapi.

Suad aliweka sahani chini. "Mama, miye sifanyi kazi hapa. Nafanya hospitali nyingine. Huku nakuja kwa ajili ya Jaffar."

 Sherbanu akamtazama mwanawe, aliyekuwa amegeukia ukutani. Nywele za kisogoni zilikuwa zimemtoka zote kwa mionzi, na shingo imeiva kama ya mtu aliyeungua jua.

"Tangu lini?" akauliza.

"Kabla hajaumwa."

Sherbanu alivuta kiti. "Basi kaa," akamwambia Suad. "Hiyo supu inapoa."

Tiba ilikwisha majira ya kuchipua. Ugonjwa haukuwa umeshuka tumboni, na picha za kifua zilikuwa safi. Lomax alikuja Tooting, akanywa chai ya maziwa iliyomshinda utamu, akasema alilokuja kusema: mkataba unaisha Juni, na wakubwa wa klabu hawataki kuuendeleza.

"Wanaogopa utaniangukia uwanjani," alisema. "Lakini mazoezini naamua mimi, sina wa kumuuliza. Ukiweza kusimama, njoo."

Kiangazi hicho Jaffar alizunguka uwanja wa Tooting Common na Vuai, mwanzo kwa kutembea, Vuai akimgojea kila penye benchi. Baadaye wakawa wanakimbia kidogo kidogo. Sherbanu alijua siku alipokuta viatu vya mpira vimeanikwa dirishani.

"Wewe!" alisema, na ilikuwa Kiswahili. "Unajua nimekuzika mara ngapi kichwani mwangu mwaka huu? Nimekuosha, nimekukafini, nimekusalia. Kila siku. Na leo unaniambia unarudi?"

"Nikikaa hapa dirishani, mama, nitakuwa nimeponea nini?"

Sherbanu akamgeukia Suad, ambaye sasa alikuwa akija nyumbani waziwazi. "Mwambie wewe, umesoma."

"Daktari amesema anaweza kukimbia," Suad alisema. "Hakusema lazima akimbie. Hayo mengine mtayamaliza wenyewe."

Hawakuyamaliza. Sherbanu alinuna wiki nzima, na Jaffar akaenda Carshaw.

Mechi ya kwanza na timu ya akiba ilikuwa aibu. Winga wa miaka kumi na saba alimpita kila alipotaka. Kiuno Jaffar alikiona, alijua kinakwenda wapi, ila mwili haukuwahi kufika. Mionzi ilikuwa imeacha kovu mapafuni, na kwenye mbio za pili pumzi ilikatika kama kamba. Mara moja alimkwatua yule kijana kwa makusudi, jambo ambalo hakuwahi kuhitaji kulifanya.

Lomax alimngoja nje ya chumba cha kuvalia. "Kasi imekwenda. Haitarudi."

"Najua."

"Macho unayo bado. Njoo ucheze katikati. Lakini beki wa kati bubu sina kazi naye. Pembeni ulikuwa unalinda upande wako tu. Katikati lazima uwapange watu watatu, na useme kabla jambo halijatokea."

Siku ya kwanza ya mazoezi katikati, Jaffar aliona shambulizi linavyokuja. Alitafuta maneno ya Kiingereza, akayapata, akayapanga, na mpira ukawa umeshaingia wavuni. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alikuwa amechoka na amekasirika, na kilichomtoka ni Kiswahili, kwa sauti ambayo hakuna mtu wa Carshaw aliyewahi kuisikia:

"Toka! Tokeni!"

Mabeki walishtuka, wakamwangalia. Beki wa kulia akauliza, "Umesema nini?"

"Nimesema toka. Maana yake pandeni mbele wote kwa pamoja, mshambuliaji abaki nyuma yetu, awe ofusaidi."

"Sema tena."

"Toka."

Yule beki akalijaribu mdomoni mwake. Safari hii hakuna aliyecheka, maana liliposemwa tena wakapanda wote, na mshambuliaji akabaki nyuma peke yake amenyoosha mikono. Baada ya wiki chache safu nzima ya ulinzi ya Carshaw ilikuwa inajua toka, rudi, kaba na wacha. Golikipa, mtu wa Croydon aliyekuwa hajawahi kuvuka bahari hata kwenda Ufaransa, alilipenda zaidi "wacha", akawa analitumia hata kwa wanawe.

Klabu ikampa mkataba wa msimu. Alirudi kwenye timu ya kwanza Oktoba 1972. Miezi hiyohiyo Wahindi waliofukuzwa Uganda walikuwa wakishushwa kwenye viwanja vya ndege, magazeti hayana habari nyingine, na uwanja wa ugenini ulimpokea kwa wimbo wa kumtaka arudi Uganda, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Safari hii hakunyamaza, ila hakuwajibu wao. Alikuwa na kazi ya kuwapigia kelele wenzake, na aliifanya mfululizo mpaka sauti ikakauka. Washambuliaji wa upande wa pili walidakwa ofusaidi mara nyingi hadi mmoja akaenda kumlalamikia refa kwamba hawa watu wanasemezana kwa lugha isiyojulikana. Refa akamwambia hakuna sheria ya lugha. Dakika za mwisho kifua kilimbana, Jaffar akainua mkono mwenyewe, akatolewa. Mechi iliisha bila bao.

Sherbanu siku hiyo alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi na kina mama wa jamati, wanagawa mablanketi na makoti kwa waliotoka Kampala. Alirudi nyumbani nyuma ya mwanawe, miguu inamuuma.

"Mmefungwa?"

"Hatukufungwa."

"Na wewe?"

"Nimechoka, mama."

"Kula, basi."

Alicheza misimu minne mingine. Hakuna timu kubwa iliyomtaka, na Carshaw haikupanda daraja. Alimwoa Suad kiangazi cha 1973. Baadhi ya watu wa jamati hawakuja arusini, na Sherbanu aliwakumbuka mmoja mmoja mpaka alipokufa. Alipoacha mpira alirudi uwanja wa ndege, safari hii msimamizi wa zamu, wakanunua nyumba Hounslow, wakapata mabinti wawili waliosikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Jumapili alifundisha mabeki wa timu ya wafanyakazi.

Kila mwaka alikwenda hospitali kupimwa. Alizoea: kugusagusa shingo, eksirei, damu, kahawa mbaya ya mashine. Mwaka wa kumi daktari alikuwa mwingine, mwanamke kijana. Alisoma faili, akatabasamu, akamwambia hana haja ya kuja tena. Amepona.

Jaffar alimshukuru, akampa mkono, akatoka. Suad alikuwa anamngoja garini. Jaffar aliingia upande wa usukani, akafunga mlango, akaanza kulia. Hakuwa amelia siku ya kuambiwa ugonjwa, wala kitandani, wala siku wakubwa wa klabu walipomwacha. Sasa alilia mpaka mabega yakatikisika, na Suad akapauka.

"Wamekwambia nini?"

"Wamesema nimepona."

"Sasa unalia nini?"

"Sijui," alisema. "Wallahi sijui."

Suad alimpa leso. Gari zikaja, zikapaki, zikaondoka. Alipotulia kidogo Suad alishuka, akazunguka upande wa pili, akamwambia asogee, na akaendesha yeye mpaka nyumbani.