Ayuma na Mashine Iliyokataa Kuandika

Siku ya kwanza nilipokuja kufagia na kupika chai kwenye ghala la ushirika wetu hapa Kakamega, mtoto wangu Tracy alilia mpaka sauti ikakauka. Watu waliangalia pembeni. Ayuma peke yake aliinuka, akamtoa mgongoni mwangu, akaendelea kuandika kwenye kompyuta kwa mkono mmoja. Ndiyo maana nataka kusimulia habari zake.

Kwao ni Navakholo. Baba yake alikuwa mkata miwa, na yeye mwenyewe alitengeneza redio sokoni Shianda mpaka akapata karo ya kusomea kompyuta. Si mtu wa maneno. Akiwaza hutafuna kifuniko cha kalamu, na mezani pake hukuti kifuniko kizima.

Kazi yake ni kuangalia programu ya ghala. Mkulima akija kuchukua mbegu, karani anajaza fomu kwenye kompyuta, anahifadhi, karatasi inatoka, mkulima anapewa mfuko wake. Mwezi wa tatu, mvua ikiwa karibu, programu ikaanza kukataa. "Haijahifadhiwa. Jaribu tena." Basi, haisemi lingine. Ayuma akizima kompyuta kuu na kuiwasha, inakubali. Ikifika saa nne, imekataa tena.

Alibadilisha waya. Akaangalia kama nafasi ya kuhifadhi imejaa, akakuta haijajaa.

"Uichinjie ingokho, hata kuku mdogo tu," Makhanu, karani wa dirisha la pili, akamchokoza. "Pengine inataka nyama."

"Nikichinja utakula wewe, na fomu bado haitaingia."

Meneja wetu, Bwana Wanjala, hakucheka. Jumatano alisimama mlangoni, foleni imefika barabarani. "Ijumaa saa sita, Ayuma. Isipopona naita watu wa Nairobi, na wewe urudi kwa redio zako."

Alhamisi asubuhi nilimkuta Ayuma na daftari, ameandika kila fomu iliyokataa na saa yake.

"Mama Tracy, ona. Mbolea inaingia. Maharagwe yanaingia. Mahindi tu ndiyo yanakataa. Kuna mtu ameyashika."

"Mtu anashikaje kitu ndani ya kompyuta?"

"Ni kama kwa chemchemi. Anayejaza fomu ya mahindi ameinama kuchota. Wengine wanangoja amalize. Sasa kuna mtu ameinama na hainuki. Na makarani wote wanaingilia jina moja, kwa hivyo siwezi kujua ni nani." Akanitazama. "Wewe hufika kabla yetu. Unaonanga nini?"

Nikakumbuka kitambaa. Mzee Shikanga, karani mkubwa kwa umri, hufunika kompyuta yake kwa kitambaa alichoshonewa na mke wake, vile tunavyofunikanga televisheni nyumbani. Mimi hukiinua nikipangusa vumbi.

"Chini yake huwa kuna fomu haijaisha," nikasema. "Imeandikwa mahindi."

Ayuma alienda polepole. "Baba, naomba nifunue."

Fomu ilikuwa pale, na jina la bibi mmoja wa Shinyalu.

"Huyo ni mmoja wa wazee wangu wa mbali," Shikanga akasema. "Wakinipigia simu kwamba wametoka nyumbani, nawafungulianga fomu, wasimezwe na foleni. Si hata kwa maji tunawekanga mtungi kushika nafasi?"

"Na asipofika?"

"Atafika. Hata kama ni kesho."

"Baba, mtungi wako umeziba mdomo wa chemchemi." Akaifunga ile fomu.

"Imeingia!" Makhanu akapiga kelele dirishani.

Mimi nilitaka kuruka. Ayuma akasema ngoja. Akaifungua tena, Makhanu akakataliwa. Akaifunga, Makhanu akakubaliwa. Mara tatu hivyo. Hapo ndipo kalamu ilipotoka mdomoni.

Mchana ule alimpa kila karani jina lake la kuingilia, na akapanga kwamba fomu isiyoguswa dakika tano iachilie mahindi yenyewe. Shikanga alikuwa amekaa, kitambaa amekikunja mapajani. Ayuma akamtengenezea ukurasa wake, akauita "Walio Njiani". Haushiki kitu. Ni majina tu, mzee awaite mbele wakifika.

Ijumaa saa nne ikapita. Saa tano. Karatasi zilitoka mpaka nikatumwa kuleta bunda lingine. Saa sita kamili Bwana Wanjala aliingia na simu mkononi, akatafuta foleni ya barabarani, hakuiona. Akasimama nyuma ya Ayuma kidogo, kisha akapiga simu.

"Watu wa Nairobi? Msije. Tuko na wetu."

Makhanu akapiga vigelegele, Tracy akapiga makofi bila kujua ni ya nini. Yule bibi wa Shinyalu ndiye alikuwa amebaki dirishani, ametoka kuitwa na Shikanga, mfuko wake tayari kwenye kikapu. Akageuka kutuangalia.

"Sasa mnashangilia mbegu za mtu mmoja hivi?"

"Enda ukapande, Kukhu," Shikanga akamwambia yule bibi. "Mvua inakuja."