Tuliyoyajua na Tusiyoyajua Kuhusu Rovu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka. Nilikuwa tabibu kijana pale Bunda, miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, glovu tukizichemsha na kuzivaa tena. Tuliitwa Musoma, matabibu wachache, tuandike mwongozo wa kutibu rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingoni. Kipimo cha damu cha kuichunguza tezi hatukuwa nacho, na vitabu vyetu viwili vilipingana.

Wengi tulitaka kuandika kwa mkato: kila mwenye rovu apewe vidonge vya madini joto, yale ambayo yakipungua mwilini shingo huvimba. Ndipo nikamtaja Mama Nyangeta wa Butiama, bibi mwenye rovu la miaka mingi, lenye mafundomafundo. Alikuwa amepewa vidonge hivyo, na baada ya miezi michache akaja kwangu amekonda, mikono inatetemeka, moyo unamwenda mbio. Mwenzangu mmoja akasema basi dawa ifutwe. Mwingine akasema mgonjwa mmoja si ushahidi. Tukabishana mpaka chai ikapoa, na yenyewe haikuwa na sukari.

Daktari Wambura, mkubwa wetu, akaweka kikombe chake chini. Akatuuliza, "Hili mnalijua, mnalidhani, au mmelisikia tu?"

Mmoja wetu akanyoosha mkono kuchukua kitabu.

"Dalili ya mvua ni mawingu," akasema, "lakini si kila wingu lina mvua. Andikeni yote, ila mseme lipi ni lipi."

Tukaandika hivyo. Watoto na wajawazito waendelee kupewa, maana faida yao tuliijua. Wazee wenye rovu la mafundo wasubiri, maana hatari yao tuliidhani; waliokwisha kupewa waitwe, wapimwe uzito na mapigo ya moyo. Mengine tukaandika "hatujui". Nilistaajabu, sikuwahi kuliona neno hilo kwenye karatasi ya madaktari.

Tulipowaita wale wazee, tukawakuta wengine ambao moyo ulishaanza kuwaenda mbio, tukawawahi. Mama Nyangeta naye, tulipomwachisha vidonge na kumpa dawa za kutuliza mapigo ya moyo, akapata nafuu polepole. Nilimuuliza anadhani nini kilimponya.

Akacheka. "Mimi nilikuwaga nangoja wewe uniambie."

Kama ni dawa zetu au ni muda tu, mpaka leo najiuliza.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ukipewa kazi ya kuwaongoza wengine, usingoje ujue kila kitu, maana mgonjwa hangoji. Ila dhana yako usiivike nguo za ukweli. Mungu akujalie moyo wa kudadisi, na kila utakayemgusa apate nafuu.