Moto wa Itetemia na Khanga ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ameniona nikiwa na bukta tu. Chekeni sasa mmalize, maana nikianza kueleza sitaki kukatizwa.

Alikuwa anatoka Lusu kuja Itetemia kuikagua nyumba niliyojenga, aamue kama mke wangu na mtoto wetu mchanga, ambao wako kwake tangu uzazi, wahamie huku pembezoni mwa mji. Hofu yake ilikuwa yale majani marefu yaliyoizunguka nyumba ("nyoka na moto," alisema kwenye simu), nami nikaona dawa ni kuyachoma kabla hajafika.

Jirani yangu Ndahani, Mgogo, yaani mtani wangu, alinikuta na kiberiti mkononi. Yeye alishalima mkanda mpana kuzunguka shamba lake, udongo mtupu, na mimi nilimcheka kwamba anawalimia sisimizi barabara.

"Mnyamwezi, lima kinga ya moto kwanza. Na upepo huu wa mchana si wa kuwashia kitu, ngoja kesho alfajiri."

"Mkwe anafika leo."

"Babu zako walibeba pembe za ndovu hadi pwani, wewe jembe tu limekushinda?"

Nikawasha.

Mwanzoni moto ulikuwa mtiifu, unakula taratibu kama mbuzi, nikaanza kujisifu, mara upepo ukageuka, moto ukaelekea nyumbani, nikavua shati (nililopiga pasi kwa ajili ya mkwe) nikaupiga nalo, shati likashika, cheche zikaingia kwenye pindo la suruali, nikaivua nikirukaruka, na hapo ndipo bodaboda ikaingia, mama mkwe yuko nyuma.

Nikajibanza nyuma ya kichuguu. Mama mkwe ni mtu wa kumwonea haya hata ukiwa umevaa koti!

"Shikamoo, mama," nikasema kutoka huko huko.

"Marahaba, baba. Moto unakuja upande wako."

Kweli, ulikuwa unakuja. Akanirushia khanga, akageuza uso hadi nilipojifunga, kisha akavunja tawi bichi. "Pigeni kutoka pembeni, msisimame mbele yake!" Tukapiga, yeye, Ndahani, dereva wa bodaboda na mimi na khanga yangu. Choo changu cha nyasi kiliteketea. Nyumba ikapona. Upande wa pili moto ulifika kwenye mkanda wa Ndahani, ukakosa cha kula, ukafa wenyewe.

"Mama," Ndahani akasema akinitazama, "ndiye huyu mliyempa binti?"

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anatazama dirisha moja, mbao zake zimebabuka kwa joto.

"Hapa ndipo mtoto angelala?"

"Ndiyo, mama."

Siku hizi nimelima kinga pana kiasi kwamba Ndahani anauliza ndege itatua lini, na siwashi hata takataka mchana wa kiangazi bila kuita majirani na kujaza ndoo. Khanga nimeifua mara nyingi, bado inanuka moshi, na sina uso wa kuirudisha. Kila nikipiga simu, mke wangu ananijibu lile lile: "Mama anasema bado anafikiri."

Mtoto ameanza kutambaa. Huko huko Lusu.