Linki ya Marehemu Dada Ndiyo Inatuuzia Asali, na Shemeji Anataka Jibu

Admin, nifiche jina, hapa Mwankoko tunajuana sana. Nina miaka thelathini na moja, sijaolewa, naishi na mama. Tunauza asali ya msitu wa Mgori kupitia tovuti yetu, ndiyo inayotulisha.

Marehemu dada yangu alikuwa na blogu ya mapishi. Kwenye mapishi ya maandazi aliandika, "Asali natumia ya kwa mama tu," akaweka linki ya kwetu. Fundi wetu wa kwanza wa tovuti aliidharau, akatununulia malinki kibao kwenye tovuti za kubeti na za mawigi. Weee! Tuliporomoka, mtu akitafuta asali mtandaoni hatuonekani kabisa. Fundi wa pili akayaondoa, akaniambia, "Dada, yale yalikuwa takataka. Kinachowabeba ni hii moja ya mapishi. Watu wanaiamini blogu, na imewataja kwa maneno ya kweli." Nililia palepale ofisini kwake. Yaani dada yuko kaburini na bado anatuletea wateja.

Sasa shemeji, mumewe aliyebaki na blogu, kaoa tena. Simlaumu. Ila mke mpya naye ni mpishi, kasema blogu iwe yake au ife. Juzi shemeji kanipigia: "Shemeji, chagua wewe. Akiichukua, mapishi ya marehemu yatabaki, ila linki yenu hataki kuiona. Mkikataa, naifuta yote, kisha anwani yake naielekeza kwenu, mtu akiifungua aangukie kwenye asali." Fundi anasema hiyo ya pili ni bahati, nguvu kubwa ya blogu itahamia kwetu. Bahati! Nilitamani kumrushia simu.

Fundi hajui kwamba kila Jumapili tukitoka kanisani namsomea mama maoni mapya ya kwenye blogu. Watu hawajui dada kafariki, bado wanamshukuru. Wiki hii mwanamke mmoja wa Itigi kaandika, "Asante dada, wanangu wamelamba hadi sahani." Mama akajifuta macho na kanga, akasema, "Mjibu, mwanangu. Mwambie dada amefurahi." Nikajibu hivyo hivyo.

Mama sijamwambia kitu. Nimekonda, jamani. Nikiacha linki itolewe, wateja watapotea na mama ataniuliza tunakula nini. Nikikubali blogu ifutwe, Jumapili atakaa kwenye kigoda chake aniambie, "Haya, soma."

Mimi nitasoma nini? Niambieni, hata kwa ukali, nimjibuje shemeji?