Kaburi Halimo Kwenye Bima

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika ofisi ya bima hapa Moshi. Mbele yangu alisimama mama mzee wa upande wa Kwa Sadala, amekumbatia mkataba wake ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo mama," karani akamwambia. "Mafuriko yamo. Tutakulipa nyumba na banda la ng'ombe."

"Marahaba. Na mzee wangu?"

Karani aliinua macho. Mama akaeleza kwamba mumewe alizikwa kihambani, shamba la nyumbani, kando ya migomba, kama tunavyozikana sote huku. Maji yamebeba kaburi lote, pamoja na masale, mimea ya kutia kaburi alama, ambayo mama mwenyewe aliyapanda juu yake.

Karani alipitisha kidole kwenye mkataba, ukurasa kwa ukurasa. "Mama, tunalipa majengo na vyombo vilivyoorodheshwa. Ardhi na vilivyozikwa humo havimo."

"Basi niandikie hapo pembeni kwamba alikuwepo."

Karani alishika kalamu, kisha akaiweka chini.

Nilirudi nyumbani nikausoma mkataba wangu kwa mara ya kwanza tangu nikate bima. Geti limo. Hata tangi la maji limo. Baba na mama, waliolala nyuma ya jiko, hawamo.