Rangi ya Manjano Shingoni mwa Mama

Mchoraji alikuwa mzee kutoka visiwa vya Karibi, na alikaa kwetu Kanja wiki tatu. Alikuwa mgeni wa mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha, akitaka kuchora maisha ya shambani. Siku ya pili alimwona mama akichuma kahawa, akaomba amchore. Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo nikawa mkalimani wao.

Alichora haraka, kwa madoa madoa ya rangi, akiuwahi mwanga wa asubuhi kabla ukungu haujaondoka. Ukisogea karibu uliona madoa tu. Ukirudi nyuma, mikahawa ilijitokeza, na karai, na mama ameinama. Mama aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwa Kiembu, "Mbona amenipaka manjano shingoni? Mimi ni mweusi. Muulize."

Sikumuuliza. Niliona aibu kumhoji mgeni kuhusu kazi yake, nikamwambia mama kuwa hilo ni jua tu. Asubuhi hiyo hapakuwa na jua. Mzee, kama aliyehisi jambo, alisema yeye huchora anachokiona, si anachokijua. Nikamwambia mama kwamba mgeni anashukuru. Akatabasamu, akarudi kwenye mikahawa.

Miezi miwili baada ya mgeni kuondoka na picha yake, mama alianza kukataa chakula, hata githeri aliyoipenda. Macho yakageuka manjano. Hospitalini Embu daktari alimvuta kope ya chini, akaniuliza kwa Kiingereza yamekuwa hivyo tangu lini. Nilisema wiki moja. Akanieleza kwamba ini limeharibika kabisa.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Amesema utapona."

Alinitazama, akafunga vifungo vya sweta yake kimoja kimoja. Tulimzika kabla ya msimu mwingine wa kahawa.

Nilimwandikia mchoraji kumpa habari. Alinijibu kwa barua ndefu, akasema yuko tayari kuituma picha, kwani ni yetu. Dada yangu alikuwa ameshachagua mahali pa kuitundika sebuleni, kwa sababu hatuna picha nyingine ya mama akiwa shambani. Nilimwambia dada kwamba mzee hajajibu. Kila anapokuja kutoka Nkubu alikoolewa, huniuliza kama kuna barua.

Nasema bado.